Shajara ya mradi: laini ya 4G na waya wa TV kwenye deki kuukuu ya DVD

Mradi wenyewe ni huu. Deki ya DVD ya kubeba, ile ya kukunjwa yenye skrini ya inchi 9, itolewe kichwa cha kusomea diski. Mahali pake pakae Raspberry Pi Zero 2 W, kompyuta ndogo ya bodi moja. Iwe na laini yake ya simu, na iweze kutoa picha kwenye TV yoyote itakayoikuta njiani.

Simu inaweza karibu yote haya, najua, nimeshaambiwa. Lakini simu haina kibodi ya maana, wala haichomeki kwenye TV ya baba mdogo kule Kinango, ambayo nyuma ina matundu matatu tu: jekundu, jeupe na la njano. TV za namna hiyo bado ni nyingi. Matangazo ya analogia yalipozimwa Kenya mwaka 2015 hazikutupwa. Zilifungiwa ving'amuzi kupitia tundu hilohilo la njano, zikaendelea na maisha. Ndiyo maana njia hiyo nimeitanguliza mbele ya HDMI.

Bei zote ni shilingi za Kenya. Mwenye haraka aruke hadi Machi, kwenye habari za umeme. Mengine ni kuunganisha nyaya na kusoma maelezo. Umeme ndio uliokula muda na pesa.

8 Februari 2025: vifaa

Deki nimeipata Mwembe Tayari, Mombasa, kwa 800. Fundi alinipa na onyo juu: "Kichwa kimekufa hicho, kijana wangu, usije kesho ukanirudishia." Nikamwambia kichwa ndicho nisichokitaka. Aliniangalia vibaya kidogo, akapokea pesa.

Kabla ya kununua deki yako, hakikisha ina AV IN, yaani tundu la kupokea picha. Nyingi zina AV OUT pekee, na hizo hazifai, kwa sababu tunataka bodi ya deki ibaki ikiendesha skrini na taa yake, sisi tuilishe picha tu. Yangu ina soketi moja inayofanya kazi zote mbili, unachagua kwa kitufe pembeni. Nilijaribu dukani kwa king'amuzi cha fundi mwenyewe, picha ikaja.

Raspberry Pi Zero 2 W: 3,900. Kadi ya kumbukumbu ya GB 32: 700. Modemu ni SIM7600, kadi ya muundo wa mini PCIe, 5,200, pamoja na kibebeo chake cha USB chenye tundu la laini, 950. Vipuri vidogo vilitoka Luthuli Avenue, Nairobi, kwa basi.

Kuhusu modemu, soma herufi inayofuata 7600 kwenye jina kabla hujalipa. Muuzaji aliniletea kwanza SIM7600A-H, ambayo ni ya masafa ya Amerika: 4G yake ni bendi 2, 4 na 12. Hapa tunahitaji megahezi 800 na 1800, yaani bendi 20 na 3, na hizo zimo kwenye SIM7600E-H. Iko pia SIM7600G-H inayokamata karibu kila mahali, lakini bei yake ilinishinda. Alinibadilishia, nikalipa mimi nauli ya kurudisha. Usidanganyike kwa sababu kadi inawaka na laini inasomeka. Yote hayo A inayafanya vizuri kabisa, kisha inakaa inatafuta mnara mpaka betri iishe.

15 Februari: picha ya kwanza

Zero za mwanzo zilikuwa na matundu mawili yaliyoandikwa TV. Kwenye Zero 2 W hayapo tena; ishara ya video imebaki kwenye kituo kidogo cha shaba upande wa chini wa bodi. Kuna nafasi ya kuchomelea waya mmoja mwembamba na si zaidi. Baada ya kuchomelea nilimwagia gundi ya moto juu yake, maana kituo hicho kikivutwa kinabanduka na bodi ndiyo basi.

Kwenye config.txt, faili ya mipangilio ya Pi, mstari wa video unakuwa:

dtoverlay=vc4-kms-v3d,composite

Picha ilitokea mara moja, ikiwa nyeusi na nyeupe. Kwenye skrini ya deki ilikuwa na rangi, kwenye TV ya nyumbani haikuwa nayo. Sababu: bila kuambiwa, Pi hutoa rangi kwa mfumo wa NTSC, na TV zetu ni za mfumo wa PAL. Skrini ya deki inaelewa zote mbili. TV ya zamani inachukua mwanga na kuacha rangi. Tiba iko kwenye cmdline.txt, kwenye mstari uleule mmoja wa faili hiyo (usifungue mstari wa pili, haitasomwa):

vc4.tv_norm=PAL video=Composite-1:720x576@50ie

Maandishi ya kawaida kwenye picha ya namna hii hayasomeki. Mistari myembamba ya mlalo inapepesa, kwa sababu picha huchorwa nusunusu. Nilitumia dpkg-reconfigure console-setup nikachagua Terminus 16x32. Unabaki na herufi 45 kwa upana na mistari 18. Ni kidogo, ila unasoma ukiwa umekaa kwenye kochi. Kingo za picha zilikatwa na TV. Margin_left, margin_right, margin_top na margin_bottom zinaongezwa mwishoni mwa mstari wa video, kwa mkato. Kwangu 24 kila upande zilitosha.

22 Februari: skrini mbili kwa waya mmoja

Nilitaka picha iende kwenye skrini ya deki na kwenye TV kwa wakati mmoja. Nikagawa waya mara mbili. Skrini zote mbili zikaingia giza, na TV ikawa inapoteza picha kila kunapokuja mandhari meupe.

Hesabu yake ni fupi. Video ya waya wa njano ni volti 1 kutoka chini hadi kileleni, ikipimwa kwenye mzigo wa omu 75, na chanzo nacho kina omu 75 ndani yake. Ukifunga vipokezi viwili, kila kimoja na omu 75 zake, mzigo unakuwa omu 37.5 na volti inashuka hadi 0.67. Theluthi nzima ya picha imepotea.

Wako wanaoweka chipu ya kukuza video hapo. Mimi nimepita njia ya bei rahisi, ile ya runinga za kamera za ulinzi za zamani zilizokuwa na swichi ya omu 75 nyuma. Ndani ya deki, kando ya soketi ya AV, kuna kirezista kidogo cha kubandikwa kilichoandikwa 750. Usidhani ni omu 750: tarakimu ya mwisho inahesabu sifuri za kuongeza, kwa hiyo ni 75 na hakuna sifuri. Kipime kwa mita deki ikiwa imezimwa. Nimekiondoa. Sasa skrini ya deki inaitazama ishara bila kuilemea.

Lakini TV isipochomekwa hakuna omu 75 popote, na picha inawaka kupita kiasi, nyeupe tupu. Hapo inaingia soketi ya milimita 3.5 ya mono, yenye kontakti ya swichi ndani. Plagi isipokuwemo, kontakti ya ncha imegusana na ya swichi. Plagi ikiingia, zinaachana. Kwenye kontakti ya swichi nimefunga rezista ya omu 75 kwenda graundi. Kwa hiyo deki ikiwa peke yake, rezista ndiyo mzigo. Ukichomeka TV, rezista inajitoa na TV inabeba mzigo yenyewe. Mwanga haubadiliki hata kidogo. Soketi ilinigharimu 40, rezista 5. Katika mradi wote hiki ndicho kipande ninachokipenda kuliko vingine.

Sauti imepitia DAC (kigeuzi cha sauti) ndogo ya PCM5102, 650, kwa dtoverlay=hifiberry-dac. Zero 2 W haina tundu la sauti.

2 Machi: laini inashika

Usiku wa kwanza wa Ramadhani, baada ya tarawehe. Modemu imechomekwa, lsusb inaonyesha 1e0e:9001, na ttyUSB zinatokea, 0 hadi 4. Bandari ya amri za AT, lugha ya kuongea na modemu, ni ttyUSB2. Ukitaka kuzungumza nayo moja kwa moja, zima kwanza ModemManager, programu inayoishika modemu, la sivyo mtagombania bandari na majibu yatakuja nusu:

sudo systemctl stop ModemManager

AT+CPIN? inajibu READY. AT+CSQ, yaani nguvu ya mawimbi, inatoa 21, ambayo ni -71 dBm (zidisha namba kwa 2, kisha toa 113). AT+CPSI? inasema LTE, bendi 3. Baada ya hapo nimewasha tena ModemManager na kuirudisha kazi kwa NetworkManager:

nmcli connection add type gsm ifname '*' con-name laini apn JINA_LA_APN

Weka APN (jina la lango la intaneti) ya kampuni ya laini yako. Dakika moja baadaye tayari niko mtandaoni. Kila kitu kinalishwa na kibadilisha-umeme kimoja cha volti 5, ampea 3, kutoka kwenye betri ya deki. Betri ya zamani ilikuwa imevimba. Nimeweka seli mbili mpya za 18650 kwa mfululizo, 700, na bodi ya ulinzi ya 2S, 200. Hii ya ulinzi si ya hiari, hasa kwenye kifaa kitakachokaa mapajani mwa mtu.

Nilipakua faili kubwa, nikatazama video, nikaiacha usiku kucha. Safi. Ningeandika siku hiyo kwamba kazi ya modemu imekwisha, na ningekuwa nimewadanganya.

9 Machi: Kinango

Niliichukua kwa baba mdogo, kivuko cha Likoni, kisha barabara ya Kwale. Mpaka Kwale mjini inafanya kazi. Mbele zaidi, minara ilipoanza kuwa mbali, modemu ikawa inapotea na kurudi. Kila ikirudi inakaa dakika moja, inapotea tena. Kwa baba mdogo mwenyewe haikushika kabisa, na simu yangu pale mezani ilikuwa inapiga bila shida. Picha kwenye TV ilikuja vizuri, watoto wakaangalia katuni zilizokuwa kwenye kadi.

Rekodi za dmesg zilikuwa na mfuatano huu ukijirudia: "USB disconnect", kisha modemu inatambuliwa upya. Pi nyingine hulalamika volti zikishuka chini ya 4.63, lakini jamii ya Zero haina saketi hiyo ya kupima, kwa hiyo ilibidi nikisie.

15 Machi: sufuria

Tatizo linalotokea umbali wa saa mbili kutoka mezani halitengenezeki. Kwanza ilibidi lije nyumbani.

Mpaka hapo dhana yangu ilikuwa kwamba ni 2G. Kwenye 4G modemu hii inavuta umeme kwa utulivu. Ikishuka hadi 2G inatuma kwa vishindo: mikrosekunde 577 za kupiga kelele ndani ya kila milisekunde 4.6, na katika kishindo hicho inaweza kutaka ampea 2. Tena mnara ukiwa karibu unaiambia ipunguze sauti. Ukiwa mbali inapiga kwa nguvu zote. Mjini, kwenye 4G na mnara ukiwa ng'ambo ya barabara, tatizo haliwezi kuonekana.

Amri ni hizi: AT+CNMP=38 hulazimisha 4G pekee, AT+CNMP=13 hulazimisha 2G pekee, AT+CNMP=2 huiachia ichague. Nilipoweka 13, ilikata mara moja tu wakati wa kujisajili, kisha ikatulia. Haikutosha. Nikachukua sufuria kubwa ya pilau, nikaweka modemu na antena ndani, nikafunika kifuniko kikiwa kimebana waya wa USB. CSQ ikashuka hadi 5. Hapo ndipo Kinango ilipofika jikoni: inapotea, inarudi, inapotea, kwa mpangilio uleule wa barabarani. Nikarudisha 38 ndani ya sufuria ileile, ikatulia. Dhana imethibitishwa.

Tahadhari moja: usijaribu kwa kuchomoa antena. Nguvu isiyopata pa kutokea inarudi kwenye kikuza cha modemu, na hicho hakiuzwi peke yake. Na ukiwa humo kwenye amri za AT, IMEI, namba ya utambulisho wa modemu, iache ilivyo. Kuichezea ni kesi, na kifaa chenye namba bandia kinaweza kuzimwa mtandaoni. Tanzania ilizizima simu za namna hiyo Juni 2016.

16 Machi: kapasita haikutosha

Ushauri unaoukuta kila mahali ni "ongeza kapasita". Niliongeza mikrofaradi 470 kwenye kibebeo. Hakuna kilichobadilika. Nikaongeza hadi 1000. Ikawa inakata mara chache zaidi, ila inakata.

Ukikaa na karatasi unaona kwa nini. Kwenye kibebeo, volti 5 za USB zinageuzwa kuwa 3.3 na kidude cheusi cha miguu mitatu, AMS1117, ambacho mwisho wake ni ampea 1. Nilikigusa sufuria ilipofunuliwa, nikaondoa kidole upesi. Modemu ikitaka ampea 2, ampea 1 iliyobaki inatoka kwenye kapasita. Ampea 1 kwa mikrosekunde 577, ugawe kwa mikrofaradi 470, ni kushuka volti 1.2. Kwa mikrofaradi 1000 ni volti 0.58. Modemu inalishwa 3.3 na mini PCIe hairuhusu chini ya 3.0. Kapasita hizo zinaweza kujaza shimo dogo. Hili ni handaki, na linachimbwa upya mara zaidi ya mia mbili kila sekunde.

Nyaya nazo zina sehemu yao. Nilitumia za kebo ya chaja, nyembamba, namba 28, takribani omu 0.2 kwa mita. Sentimita 30 kwenda na 30 kurudi, kwa ampea 2, ni robo ya volti imeachwa njiani. Ukipima kwa mita ya kawaida huoni lolote, maana mita inakupa wastani.

23 Machi: tiba ya umeme

Nimetenganisha njia. Betri ya volti 7.4 sasa inalisha vibadilisha-umeme viwili: kimoja cha volti 5 kwa Pi, na kingine, MP1584 ya ampea 3, 250, kwa modemu peke yake. AMS1117 nimeing'oa kwenye kibebeo, na umeme wa modemu unaingia moja kwa moja pale kilipokuwa kinatokea, volti 3.4. Kutoka kwenye USB nimebakisha nyaya mbili za data na graundi. Ule mwekundu nimeukata. Nyaya za umeme sasa ni za spika, nene, na hazizidi sentimita 10. Kapasita ya mikrofaradi 1000 imekaa kwenye kibebeo chenyewe, karibu na kadi iwezekanavyo. Hapo sasa ina kazi inayoiweza.

Weka volti za MP1584 kabla ya kuunganisha kitu chochote. Kiparafujo chake kidogo kinakuja kimewekwa popote alipochoka aliyekitengeneza. Yangu ilitoa volti 7. Ukishafika 3.4, kibandike kwa tone la rangi ya kucha. Kinasogea kwa kuguswa tu, na ndani ya deki mtikisiko haukosekani. (Rangi niliazima kwa dada. Sasa deki yangu ina nukta ya waridi ndani.)

Sufuriani, CNMP=13, saa nzima: haikukata. Nimerudisha CNMP=2.

6 Aprili: mistari kwenye picha

Idi imepita, nimerudi mezani. Umeme uko imara lakini picha imepata ugonjwa. Modemu ikiwa kwenye 2G, kuna mikanda hafifu inayopanda polepole kwenye skrini, na spika zinanguruma ule mngurumo wa simu iliyowekwa karibu na redio. Mngurumo huo una jina kwenye vitabu: hezi 217, ndiyo vile vishindo vya milisekunde 4.6 vikisikika.

Kosa lilikuwa kwenye graundi. Waya wa hasi wa modemu ulikuwa unapita kwenye bodi ya Pi kabla ya kufika kwenye betri, kwa hiyo kila kishindo kilikuwa kinainua graundi ya video na ya sauti pamoja. Nimeupeleka hasi wa modemu mpaka kwenye mguu wa betri, hasi wa Pi pale pale, na hasi wa deki pale pale. Zote zinakutana sehemu moja. Graundi ya USB kati ya Pi na modemu imebaki, haikwepeki, lakini mkondo mkubwa una njia bora na unaifuata.

Mikanda imekwisha. Mngurumo umepungua ila haujaisha. Waya wa DAC kwenda kwenye spika nimeubadilisha kwa uliofunikwa ngao, na sasa unausikia tu ukiweka sikio. Nimeacha hapo. Kwa mahali ambapo 4G ipo hausikiki kabisa.

13 Aprili: antena

Antena za kubandika mbili, 300. Nilizibandika nyuma ya skrini kwa sababu ndipo penye nafasi. CSQ 9. Nyuma ya skrini kuna bamba la chuma, na antena imelala juu yake. Nikazihamishia kwenye kifuniko cha diski, plastiki tupu, na chini yake kichwa kimeshatolewa: CSQ 20, mezani pale pale, bila kugusa kitu kingine. Ya MAIN kwenye ukingo wa kulia, ya AUX wa kushoto, mbali kadiri waya zinavyoruhusu. Tundu la GNSS, la kujua mahali kwa setilaiti, liko wazi.

Vifungo hivi vidogo vya antena vinachoka haraka. Vibonyeze wima kwa kucha mpaka visikike, na usiving'oe kwa kuvuta waya.

26 Aprili: HDMI kwa swichi

Kuna TV mpya zisizo na tundu la njano, au zenye soketi ya ajabu inayotaka kebo yake. Kwa hizo nataka HDMI. Shida ni kwamba composite (njia ya waya wa njano) ikiwashwa, HDMI inazimwa, na nilikuwa nafikiria kubeba kadi mbili za kumbukumbu.

Hakuna haja. config.txt inaweza kusoma pini wakati wa kuwaka. Nimetoboa tundu ubavuni, nikaweka swichi ya kuteleza, 30, kati ya GPIO 4 (moja ya pini za Pi) na graundi:

[gpio4=1]
dtoverlay=vc4-kms-v3d,composite
[gpio4=0]
dtoverlay=vc4-kms-v3d
[all]

GPIO 4 ikiachwa wazi inasomeka 1, kwa hiyo bila kugusa swichi ni waya wa njano. Mstari wa Composite-1 ulio kwenye cmdline.txt hauidhuru HDMI. Ukibadilisha swichi lazima uwashe upya, na ukiwa kwenye HDMI skrini ya deki haina kitu. Naikubali.

Kurefusha mini HDMI hadi ukingoni kuligharimu 450 kwa kebo fupi, ambayo ni ngumu kuliko ilivyotakiwa. Ilinibidi kuchonga plastiki ya ndani kwa kisu cha moto.

10 Mei: ilivyo sasa

Nimeirudisha Kinango. Imeshika 2G njiani, ikapata 3G karibu na soko, na kwa baba mdogo ikakaa mchana wote. Kasi ni ndogo, ila kwenye picha ya mistari 576 hakuna faida ya kufungua video iliyo juu ya 480, kwa hiyo bando linadumu. Video za H.264 zinafunguliwa na chipu yenyewe na Pi haipati joto. Kivinjari ndicho kinachoisumbua: RAM ni MB 512, kurasa mbili nzito na inaanza kukwama. Mimi naitumia zaidi kwa maandishi.

Kuingia kwenye deki nikiwa mbali kwa ssh haiwezekani moja kwa moja, kwa kuwa laini za simu kwa kawaida hazikupi anwani ya umma. Nimeweka WireGuard, njia ya faragha ya mtandao, kwenda kwenye seva yangu, na PersistentKeepalive = 25 ili njia isifungwe.

Betri inakaa saa mbili na kidogo skrini ikiwaka. Kinachokula ni taa ya skrini. Ikitumika kwa TV pekee na kifuniko kikiwa kimefungwa, inapita saa tatu.

Gharama, pamoja na nyaya, gundi na nauli za mizigo, imekaribia 15,000. Modemu na kibebeo chake ni zaidi ya theluthi moja ya hizo. Ningeanza upya leo ningenunua kibebeo kisicho na AMS1117, chenye kibadilisha-umeme cha ampea 3 tayari. Vipo, vinazidi bei kwa mia nne hivi, na vinakuondolea wiki mbili za Machi.

Kilichobaki ni kuchaji. Kwa sasa natoa betri na kuichaji nje, kwa sababu mzunguko wa chaja wa deki ulitengenezwa kwa betri ya zamani na sijamaliza kuupima. Nikiwa na namba zake nitaongeza kipande hapa.